Seneti ya Kenya: tuifute, tuirekebishe au tuiache ilivyo?

Kila bajeti inapobana, hakosekani mwanasiasa wa kusimama mazishini na kusema Kenya ina wabunge kupita kiasi, na kwamba pa kuanzia kupunguza ni Seneti. Waombolezaji humpigia makofi. Haupiti muda, gavana fulani huwa yuko mbele ya maseneta haohao akijitetea asing'atuliwe, na watu walewale waliopiga makofi hukesha mbele ya televisheni wakihesabu kura kaunti kwa kaunti.

Anayetaka kuchagua kati ya kuifuta Seneti na kuirekebisha anafaa kuanza na kazi zinazofanyika mle ndani. Kazi hizo zikiondolewa mle, zitaenda kwa nani? Wanaotaka ifutwe huzungumzia mishahara. Wanaotaka ibaki hutaja ugatuzi, yaani kaunti kupewa madaraka na fedha zake, kwa jumla, kana kwamba neno lenyewe linatosha. Sijasikia wengi wakisema ni nani ataandika fomula ya kugawana mabilioni ya kaunti siku Seneti itakapofungwa, na kwangu mimi hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Seneti ina wanachama 67. Maseneta 47 huchaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kaunti. Wanawake 16 huteuliwa na vyama, wawili huwakilisha vijana na wawili watu wenye ulemavu. Spika ni wa 68. Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2010 kinaipa kazi nne: kushiriki kutunga sheria zinazogusa kaunti, kuamua kaunti zigawane vipi fedha zao, kusimamia matumizi ya fedha hizo, na kuamua hatima ya rais au naibu wake wakishtakiwa na Bunge la Kitaifa, nyumba nyingine ya bunge. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliongeza ile inayojulikana zaidi mitaani, kusikiliza mashtaka dhidi ya magavana.

Ilikwisha kufutwa mara moja

Kenya ilipata uhuru 1963 ikiwa na Seneti ya watu 41, Spika wake akiwa Timothy Chokwe. Iliwekwa iwe ngao ya majimbo, yaani mikoa yenye madaraka yake. Vipengele vilivyolindwa zaidi katika katiba ile havikuweza kuguswa bila asilimia 90 ya maseneta kukubali. Kwenye karatasi ulinzi huo ulionekana kama ukuta wa zege.

Ulidumu miaka mitatu. KADU, chama kilichopigania majimbo, kilijivunja Novemba 1964 na watu wake wakavuka kwenda KANU, chama tawala. Mwaka uliofuata kiwango cha kura kilichohitajika kikateremshwa hadi asilimia 65. Mwisho wa 1966 nyumba mbili ziliunganishwa kuwa moja, na maseneta hawakupoteza kitu: yaliundwa maeneobunge mapya 41 wakaingia nayo, na muhula wa bunge ukarefushwa. Kila aliyepiga kura ya kuifuta Seneti alijua kesho yake bado atakuwa mheshimiwa. (Ujanja wa namna hii si wa Kenya peke yake. Mwaka 1950 Waziri Mkuu wa New Zealand, Sidney Holland, alijaza nyumba ya juu ya nchi yake watu wa kwenda kupiga kura ya kuiua; wenyewe walibandikwa jina la kikosi cha kujiua.)

Kufikia 1968 mabaraza ya mikoa nayo yalikuwa yamekwisha. Sisemi Seneti ya kwanza ingeyaokoa. Mpangilio wa matukio ndio unaofaa kuangaliwa: mikoa ilinyimwa fedha kwanza, kisha chama chake kikafa, na Seneti ikafuata ikiwa haina tena cha kulinda. Anayependekeza kuifuta leo anatakiwa aeleze kwa nini mpangilio huo hautajirudia, au akiri kwamba ugatuzi wenyewe haumhusu sana. Msimamo wa pili ni halali kabisa, ila usemwe waziwazi.

Fedha: hapa ndipo penye uzito

Fedha za kaunti hupita hatua mbili, na watu wengi huzichanganya.

Hatua ya kwanza ni Mswada wa Ugavi wa Mapato, unaoamua serikali kuu ibaki na kiasi gani na kaunti zote 47 kwa pamoja zipate kiasi gani. Katiba inaweka sakafu ya asilimia 15, lakini asilimia hiyo hupigwa kwenye hesabu za mapato zilizokwisha kukaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, hesabu ambazo kwa kawaida ni za miaka ya nyuma. Juu ya sakafu hiyo ni mvutano. Mwaka 2013 Seneti ilitaka kaunti zipewe bilioni 258, Bunge la Kitaifa likashikilia bilioni 210, na mswada ukapelekwa kwa rais akautia sahihi kana kwamba Seneti haipo. Maseneta walikwenda Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo majaji wakasema mswada ule ulihitaji mkono wa nyumba zote mbili. Mwaka 2019 Seneti ilitaka bilioni 335 na wenzao bilioni 310. Mswada ukaanguka, ukaletwa mwingine, na mwishowe wakakutana kwenye 316.5. Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilisema 405.1, Seneti ikasema 465, na kamati ya upatanishi ikatoka na 415.

Ukizitazama namba hizo kwa utulivu utaona mambo mawili. Seneti haishindi, kwa kuwa kila mara matokeo hukaa karibu zaidi na takwimu ya Bunge la Kitaifa. Hata hivyo 2019 na 2025 iliongeza mabilioni ambayo bila yake yasingeongezwa. Mkosoaji atasema ni usumbufu wa miezi kadhaa kwa nyongeza ndogo. Muuguzi wa hospitali ya kaunti aliyecheleweshewa mshahara wakati nyumba mbili zikivutana atakubaliana naye, na simlaumu.

Hatua ya pili ni kugawana. Kiasi kikishajulikana, Seneti huamua fomula: idadi ya watu ipewe uzito gani, umaskini ngapi, ukubwa wa ardhi ngapi. Bunge la Kitaifa linaweza kuibadilisha au kuikataa kwa thuluthi mbili tu. Hapa Seneti ina nguvu kuliko mahali pengine popote, na mwaka 2020 ndiyo ilionyesha inatumika kwa nini.

Pendekezo lililokuwa mezani liliipa idadi ya watu uzito zaidi. Wafuasi wake walikuja na kauli ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, na ilinoga sana kaunti zenye watu wengi. Kwa upande wa pili zilikuwa kaunti za Pwani, Kaskazini Mashariki na sehemu za Ukambani ambazo zingepungukiwa. Seneti ilikaa, ikapiga kura, ikashindwa kuafikiana, ikakaa tena. Vikao kumi vilivunjika bila jibu. Agosti maseneta watatu wa upande uliokuwa ukipinga walikamatwa na polisi, na mjadala ukazidi kuwa moto. Suluhu ilikuja tarehe 17 Septemba: fomula mpya ingeanza pale tu kikapu cha kaunti kitakapopanda hadi bilioni 370, ili hata moja isipate chini ya ilichokuwa ikipata. Kikapu kilipanda mwaka uliofuata.

Sasa chukulia Seneti haipo na fomula ileile inapigiwa kura Bunge la Kitaifa. Nairobi ina wabunge 17 wa maeneobunge, Kiambu 12, Kakamega 12, Nakuru 11. Kaunti nne tu, wabunge 52. Lamu ina wawili, Isiolo wawili, Tana River watatu, Samburu watatu: kaunti nne, wabunge 10. Katika Seneti, suala la kaunti linapopigiwa kura, kila ujumbe wa kaunti una kura moja. Lamu yenye watu 143,920 kwa sensa ya 2019 inatoshana na Nairobi yenye watu 4,397,073. Mkazi wa Kayole anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini sauti ya mtu wa Faza iwe na uzito wa mara thelathini ya yake. Jibu ni kwamba katika nyumba ile nyingine, inayopitisha bajeti na kodi zote, hesabu inampendelea yeye. Makubaliano ya 2010 yalikuwa kila upande upate nyumba yake.

Kwa hiyo, ukiwa unaishi Lamu, Marsabit au Taita Taveta, kufuta Seneti bila kuweka kitu kingine mahali pake ni kukabidhi funguo. Ukiwa unaishi Kiambu au Nairobi, huenda ukaona ni kurudisha haki. Hakuna sababu ya kujifanya tunapigia kura jambo moja.

Ila lipo jambo ambalo wanaotaka kufuta wangeweza kuliazima hapa jirani, na nashangaa hawalitaji. Tanzania ina bunge la nyumba moja, lakini Zanzibar, iliyo ndogo sana kwa watu, haijaachwa bila kinga ndani yake. Yapo mambo ya Muungano ambayo Katiba ya 1977 haibadilishwi hadi thuluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na thuluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar wakubali, wakihesabiwa kila upande kwake. Kenya ingeweza kuandika vivyo hivyo: fomula ya fedha za kaunti ipite katika Bunge la Kitaifa kwa kura za wabunge wengi, na pia kwa wingi wa kaunti, angalau 24, kila kaunti ikihesabiwa kwa msimamo wa wabunge wake. Hapo kweli Seneti ingekuwa imepata mrithi. Pendekezo la kufuta lisilokuwa na kipengele cha namna hiyo mimi silihesabu kuwa limekamilika.

Gavana akishtakiwa

Kwenye mashtaka ya magavana, wanaotaka kufuta wana hoja nzuri zaidi kuliko wanavyojua.

Utaratibu ni huu: thuluthi mbili ya wawakilishi wadi hupiga kura ya kumng'oa gavana katika bunge la kaunti, kisha kesi huja Seneti, ama mbele ya kamati ya watu 11 au mbele ya nyumba nzima. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo. Anne Waiguru wa Kirinyaga aliponea kwenye kamati Juni 2020. Kawira Mwangaza wa Meru alinusurika mara mbili, 2022 na 2023, kisha akang'olewa Agosti 2024. Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kung'atuliwa, aliondolewa Februari 2014, mahakama zikamrudisha, akamaliza muhula na wananchi wakamchagua tena 2017.

Je, ni ushahidi unaowaokoa au ni hesabu za vyama? Mara nyingi ni vyote viwili, na mtazamaji wa kawaida huweza kubashiri matokeo kwa kujua gavana anaelewana vipi na Ikulu na kinara wa chama chake. Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya Naibu Rais Rigathi Gachagua. Bunge la Kitaifa lilimshtaki kwa kura 281 dhidi ya 44, na tarehe 17 Seneti ikamwondoa kwa mashtaka matano kati ya 11, mwenyewe akiwa amelazwa hospitalini siku aliyotarajiwa kujitetea. Hata aliyemchukia alipaswa kujiuliza kama hivyo ndivyo kesi inavyoendeshwa.

Kazi hii inaweza kufanywa na jopo la majaji bila ugatuzi kutikisika. Tayari Katiba ina majopo ya namna hiyo kwa ajili ya kuwaondoa wanachama wa tume huru. Ukiniuliza ipi kati ya kazi za Seneti naweza kuitoa leo bila hofu, ni hii. Wapo watakaosema uamuzi wa kumwondoa aliyechaguliwa na watu ni wa kisiasa na wanasiasa ndio waubebe. Sawa, lakini bunge la kaunti limekwisha kubeba upande huo wa siasa. Hatua ya pili ingefaa iwe ya ushahidi.

Seneta anayekitazama kiti cha gavana

Kusimamia matumizi ya fedha ndiyo kazi inayosifiwa sana na kufanywa nusunusu. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja, magavana huitwa, wengine hukaidi na kutozwa faini ya shilingi 500,000, wengine hukimbilia kortini. Oktoba 2022 Mahakama ya Juu iliweka wazi kwamba Seneti ina mamlaka ya kuwaita. Lakini gavana anapoketi kwenye kiti akihojiwa kuhusu barabara ambayo haikujengwa, mara nyingi fedha zilishaondoka muhula uliopita.

Tatizo kubwa zaidi linahusu anayehoji. Johnson Sakaja alikuwa seneta wa Nairobi, 2022 akawa gavana wake. James Orengo vivyo hivyo Siaya, Mutula Kilonzo Junior Makueni, Susan Kihika Nakuru, Irungu Kang'ata Murang'a, Kimani Wamatangi Kiambu. Wote sita katika uchaguzi mmoja. Simlaumu yeyote kwa kugombea. Ni haki yao, na huenda uzoefu wa kusoma ripoti za ukaguzi uliwasaidia. Ila mfumo unaomfanya msimamizi awe mgombea mtarajiwa wa kiti anachokisimamia ni sawa na refa aliyevaa jezi ya mchezaji wa akiba ndani ya shati lake. Gavana akipigwa faulo au asipopigwa, hakuna atakayeamini filimbi.

Maseneta wenyewe wamejaribu kutafuta dawa, na dawa yao imekuwa kuomba nafasi zaidi. Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya bodi za maendeleo za kaunti, ambazo seneta angekuwa mwenyekiti na gavana angekaa chini yake, mahakama zikaibatilisha. Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada wa kuingiza NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge, kwenye Katiba, ukiwa umebeba pia hazina ya usimamizi kwa ajili ya Seneti. Mtu anayetakiwa kuchunguza fedha anapoomba hazina yake mwenyewe, na wewe unayelipa kodi unaanza kutafuta wa kumchunguza yeye.

Seneti ikifutwa, kazi hii itabaki kwa wawakilishi wadi, Mkaguzi Mkuu, Msimamizi wa Bajeti na wapelelezi wa ufisadi. Kwenye karatasi wanatosha. Kwa hali ilivyo, bunge la kaunti hutegemea serikali ya kaunti kuachiliwa fedha zake, na mwakilishi wadi anahitaji gavana atengeneze barabara ya wadi yake. Wasiwasi wangu upo hapo.

Mishahara, kwa hesabu fupi

Bunge la Kenya lina wanachama 416 ukiwaacha maspika wawili: 349 Bunge la Kitaifa na 67 Seneti. Kufuta Seneti yote kunapunguza karibu mmoja kati ya kila sita. Kama kinachokuuma ni gharama, watano kati ya sita wamebaki vitini wakikutazama. Pendekezo la kubadilisha Katiba la Punguza Mizigo, la mwanasiasa Ekuru Aukot, mwaka 2019 lilielewa hilo: lilitaka wabunge 147 tu, mia moja Bunge la Kitaifa na 47 Seneti, kisha Seneti hiyo ndogo iwe na nguvu zaidi. Mabunge ya kaunti mengi yalilikataa likafa. Kwa gharama, lilikuwa pendekezo la maana kuliko la kufuta Seneti peke yake.

Senegal ilifuta Seneti yake Septemba 2012, Rais Macky Sall akisema fedha zake ziende kusaidia walioathiriwa na mafuriko. Lakini ile ilikuwa Seneti ambayo 65 kati ya maseneta wake 100 waliteuliwa na rais. Haikuwakilisha kaunti wala mkoa wowote kwa dhati, na kuondoka kwake hakukumnyima mtu sauti. Denmark iliifuta nyumba yake ya juu 1953, Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hazikupungukiwa. Nazo si nchi ambazo mikoa huvutana na serikali kuu kuhusu mgao kupitia bungeni. Ukiwasikia wafutaji wakitoa mifano ya nje, angalia kwanza kama nyumba iliyofutwa ilikuwa na kazi ya kugawa fedha.

Kwa upande wa pili, anayeahidi mageuzi naye apimwe. Ireland iliwauliza wananchi Oktoba 2013 kama Seanad, nyumba yao ya juu, ifutwe, na asilimia 51.7 wakasema hapana. Wengi wao waliambiwa itarekebishwa. Miaka kumi baadaye mabadiliko yalikuwa haba, na msukumo kuhusu viti vya vyuo vikuu ulitoka mahakamani. Kura ya "ibaki lakini irekebishwe" huishia mara nyingi kuwa kura ya "ibaki".

Aina za marekebisho

Neno marekebisho linabeba mizigo tofauti, kwa hiyo muulize anayelitumia anamaanisha ipi.

Ipo ya kuongeza viti. BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, ilipendekeza Seneti ya mwanamume na mwanamke kwa kila kaunti, watu 94. Ingesaidia usawa wa jinsia, suala ambalo bunge letu limelikwepa tangu 2010, lakini isingegusa hata moja ya kasoro nilizotaja. BBI ilianguka Mahakama ya Juu Machi 2022.

Ipo ya kuongeza meno: kuipa Seneti sauti kwenye sheria zote na usemi wa mwisho kwenye mgao. Leo Seneti haiwezi kuanzisha mswada wa fedha, na nyumba mbili hubishana hata kuhusu mswada upi unagusa kaunti. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria 23 kuwa batili kwa kuwa zilipitishwa bila Seneti, na kesi ikaendelea katika rufaa. Mabishano ya namna hiyo yanaweza kupunguzwa kwa kuorodhesha kwenye sheria ni miswada ya aina gani lazima ivuke nyumba zote mbili.

Na ipo ya kubadilisha anayeketi mle. Ujerumani, serikali za majimbo zenyewe ndizo hutuma wajumbe kwenye Bundesrat, baraza la majimbo, na kila jimbo hupiga kura zake kwa pamoja. Afrika Kusini iliachana na Seneti 1997 ikaunda Baraza la Kitaifa la Mikoa: mikoa tisa, wajumbe kumi kila mmoja, sita wa kudumu na wanne wanaobadilika kulingana na mada. Kwetu ingemaanisha magavana au mawaziri wao waketi wakati wa kujadili fedha. Ugomvi wa seneta na gavana ungekufa siku hiyohiyo. Usimamizi nao ungekufa, maana hakuna gavana atakayemhoji gavana mwenzake kwa ukali akijua wiki ijayo ni zamu yake. Kama umekwisha kukata tamaa kwamba Seneti itasimamia chochote, mfumo huu utakufaa. Mimi bado sijafika huko.

| | Kufuta | Kurekebisha | Kuacha |
|---|---|---|---|
| Fomula ya fedha | Bunge la Kitaifa. Kaunti ndogo hatarini bila kura ya pande mbili | Seneti, ikiwa na usemi mzito zaidi | Seneti, na mvutano wa kila mara |
| Mashtaka ya gavana | Jopo la majaji | Jopo, au Seneti kwa kanuni kali | Seneti na hesabu za vyama |
| Ukaguzi | Mabunge ya kaunti | Seneti yenye masharti dhidi ya mgongano wa maslahi | Nusunusu |
| Wabunge | 349 | Kulingana na pendekezo | 416 |
| Kura ya maoni | Lazima | Kwa mambo makubwa | Haihitajiki |

Uchague lipi

Chagua kufuta ikiwa unaamini mgao wa fedha ufuate idadi ya watu, au ikiwa pendekezo lililo mbele yako limebeba kinga ya kaunti ndogo iliyoandikwa kwenye Katiba yenyewe. Kinga ya kutungiwa sheria baadaye usiikubali. Waulize wa 1966.

Chagua kurekebisha ikiwa unatoka kaunti ambayo kura zake hazitoshi kumtisha mtu Nairobi. Hata hivyo dai orodha. Yangu ni fupi: Seneti ibaki na fomula na ipewe nguvu kwenye Mswada wa Ugavi wa Mapato, mashtaka ya magavana yaende kwa majaji, na seneta asiruhusiwe kugombea ugavana wa kaunti anayoisimamia hadi muhula mmoja upite. Hilo la mwisho litapingwa na maseneta wote, wa serikali na wa upinzani, kwa umoja ambao hatujauona tangu 2013.

Kuiacha ilivyo sikupendekezi kwa mtu yeyote, ingawa ndilo linaloelekea kutokea.

Sababu ni njia yenyewe. Kupitia bungeni, mabadiliko ya Katiba yanahitaji thuluthi mbili ya kila nyumba, yaani maseneta wajipigie kura ya kujifuta, na safari hii hakuna maeneobunge 41 ya kuwafariji. Kupitia wananchi, zinahitajika sahihi milioni moja, kisha mabunge ya kaunti 24. Kwa vyovyote, jambo linalogusa kazi za Bunge au muundo wa ugatuzi huishia kwenye kura ya maoni, ambapo angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa lazima wajitokeze katika nusu ya kaunti, na wengi waseme ndiyo.

Yapo machache yasiyohitaji safari hiyo. Sheria ya Serikali za Kaunti inaweza kubadilishwa ieleze ni ushahidi wa kiwango gani unaotosha kumwondoa gavana, na iweke tarehe ya mwisho ya Seneti kumaliza kila ripoti ya ukaguzi. Na kanuni za kudumu, ambazo maseneta hujiandikia wenyewe, zinaweza kumtaka seneta aliyetangaza nia ya ugavana ajiondoe kwenye kamati ya hesabu za kaunti siku gavana wake anapoitwa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na baadhi yao wamekwisha kutangaza.